Barua ya wazi kwa wanangu mnaokwenda kufundisha Kiingereza nchi za baridi

Wanangu, marahaba.

Najua baadhi yenu mtatua ugenini Januari, theluji ikiwa imejaa barabarani. Mwaka wa masomo huanza Septemba katika nchi nyingi za huko, lakini shule binafsi za lugha hutafuta walimu Januari pia, maana kila mwaka wapo waliokwenda likizo ya Desemba wasirudi. Maswali yenu mengi ni ya sarufi. Sarufi haitawashinda. Kinachomrudisha mwalimu mgeni ni majira yenyewe, nayo hayamshindi kwa ukali wa baridi tu; humshinda kwa jasho lililokwama mwilini, kwa giza, na kwa karatasi iliyochelewa wiki mbili.

Anzeni na karatasi. Kipimo kinachotajwa na waajiri wengi ni cheti cha mafunzo ya ualimu wa Kiingereza ya saa 120. Lakini saa 120 za kubofya majibu kwenye kompyuta si sawa na CELTA ya Cambridge au CertTESOL ya Trinity, vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wasiokizungumza kama lugha ya kwanza, ambako mwanagenzi husimama mbele ya wanafunzi halisi kwa saa 6 huku mkufunzi akimtazama na kumpima. Mwenye uwezo achukue mojawapo ya hivyo viwili. Asiye na uwezo ajitolee kufundisha mahali, kisha aombe barua inayotaja idadi ya saa na umri wa wanafunzi wake.

Kabla ya kulipa chochote, someni sheria ya viza ya nchi yenyewe, si tangazo la wakala. Korea Kusini, kwa mfano, kwa kawaida hutoa viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi 7 tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hata Kiingereza chako kiwe fasaha namna gani, pasipoti ndiyo inayoamua. Ni dhuluma, lakini kulijua mapema kunaokoa nauli.

Vyeti huhitaji kuthibitishwa. Ikiwa nchi iliyotoa cheti na inayokipokea zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, muhuri wa apostili (uthibitisho mmoja wa serikali unaokubaliwa na nchi wanachama) unatosha. La sivyo, cheti hupita wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi. Kosa la kawaida ni kutanguliza cheti cha polisi, kile cha kuonyesha kwamba huna rekodi ya uhalifu. Hicho huchakaa haraka, na ofisi nyingi hukikataa kikishapita miezi 3 au 6. Tangulizeni shahada, cha polisi kiwe cha mwisho. Na mwajiri anayewaambia mwingie kwa viza ya utalii, "mengine tutayamaliza huku", mwombeni aliandike hilo kwenye karatasi yenye muhuri wa shule. Hataliandika.

Mkataba usomeni mkitafuta mambo mawili. La kwanza ni saa za darasani: saa 25 kwa wiki zinasikika chache, ila ukiongeza maandalio ya somo, kusahihisha na kusafiri kati ya vituo, unakaribia 40. La pili ni Desemba. Anayelipwa kwa saa hapati kitu shule ikifungwa wiki mbili za sikukuu, wala mwanafunzi akiahirisha kwa sababu ya theluji, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Mshahara nao huja mwisho wa mwezi, ilhali mwenye nyumba hudai kodi na dhamana siku ya kwanza, na dhamana pekee yaweza kuwa ya mwezi 1 hadi 3. Beba fedha za kuishi miezi 3. Nchi nyingi zina mzunguko wa kuchosha: benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Barua ya mwajiri inayotaja kazi, mshahara na anwani ya muda mara nyingi huukata mzunguko huo, kwa hiyo iombeni kabla ya kupanda ndege. Fikeni siku 10 kabla ya kipindi cha kwanza.

Sasa mavazi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu hununua koti moja nene kama godoro, wakavaa fulana ya pamba ndani. Mwalimu hatembei tu nje. Hukimbilia basi, huingia kwenye behewa lenye joto, hupanda ngazi, hufundisha katika chumba cha nyuzi 22, kisha hutoka tena kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Pamba hunyonya jasho ikabaki na unyevu, na nguo yenye unyevu hupokonya mwili joto. Ndiyo sababu mtu hutetemeka ndani ya koti la bei ghali. Vaeni tabaka tatu. Inayogusa ngozi iwe ya sufu nyembamba au poliesta, juu na chini. Ya katikati iwe sweta la sufu au flisi (kitambaa laini chenye manyoya) yenye zipu ya mbele, siyo ya kuvulia kichwani, maana mtaivua na kuivaa mara nne kwa siku. Ya nje kazi yake ni kuzuia upepo na maji. Upepo msiudharau: nyuzi 10 chini ya sifuri zikiambatana na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi hupoteza joto kama iko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Viatu viwe vikubwa kidogo kuliko kawaida, vidole vichezecheze ndani ya soksi nene. Kiatu kinachobana hupunguza mzunguko wa damu, na mguu huganda ingawa kiatu ni kizuri. Soli iwe ya mpira laini wenye meno. Kwenye barafu piga hatua fupi, wayo wote ukikanyaga kwa pamoja, mikono nje ya mifuko. Barafu ya hatari ni ile nyembamba isiyoonekana, hasa madarajani na asubuhi baada ya theluji kuyeyuka mchana uliotangulia. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, la sivyo betri huzima ghafla.

Kidole au sikio likifa ganzi na kubadilika rangi (kwa ngozi nyeusi hupauka au huwa la kijivu), ingieni ndani mlipashe kwa joto la mwili, kwa mfano kwapani. Msilisugue, wala msiliweke karibu na moto. Halina hisia, litaungua bila nyinyi kujua. Ganzi isipoisha, nendeni hospitali.

Chumbani, Shirika la Afya Duniani linapendekeza joto lisipungue nyuzi 18. Wageni wengi hufunga madirisha majira yote ili kuokoa bili, wakaanika nguo humohumo, na baada ya mwezi kona ya ukuta wa nje imeota ukungu mweusi. Chanzo ni mvuke wa pumzi, wa sufuria na wa nguo, unaogeuka maji ukigusa ukuta baridi. Fungueni dirisha wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kisha mfunge. Kuliacha nusu wazi kutwa nzima kunapoza ukuta bila faida. Kabati lisiguse ukuta wa nje. Mkisafiri, hita ipunguzeni, msiizime kabisa, kwa sababu mabomba huganda na kupasuka.

Jiko la mkaa au la gesi lisitumike kupasha chumba kamwe. Monoksidi ya kaboni haina harufu. Humwanza mtu kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha humlaza asiamke. Kigunduzi chake ni kidogo na hutundikwa ukutani. Kama chumba kina hita ya gesi na kigunduzi hakipo, nunueni kabla hamjanunua kitu kingine.

Kuhusu giza: kwenye latitudo ya 60 kaskazini mwa ikweta, siku fupi kuliko zote mwishoni mwa Desemba ina mwanga kwa saa 6 tu hivi. Mwalimu mwenye madarasa ya asubuhi na jioni anaweza kumaliza wiki asilione jua. Tokeni nje kila adhuhuri hata mawingu yakiwepo. Jua la huko wakati huo ni hafifu mno kuusaidia mwili kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji mwanga mwingi zaidi. Mwulizeni daktari kuhusu vidonge, kipimo cha kawaida kikiwa mikrogramu 10 kwa siku. Taa maalumu ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), ukikaa karibu nayo dakika 30 asubuhi, huwasaidia wengi. Huzuni, usingizi kupita kiasi na kukosa hamu vikizidi wiki mbili, huo si uvivu. Ni ugonjwa unaotibika.

Darasani sasa. Faida yenu ni kwamba Kiingereza mlijifunza, hamkuzaliwa nacho. Mnajua mwanafunzi anakwama wapi. Mtego wenu ni matamshi. Kiswahili kina irabu 5, Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa sauti za irabu 20 hivi, na ship na sheep yakitoka kinywani mwenu yakiwa sawa, wanafunzi watayachukua hivyohivyo. Kubwa zaidi ni mkazo. Kwetu mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara. Kiingereza huuhamisha: photograph ni silabi ya kwanza, photographer ya pili, photographic ya tatu. Kwa kila neno jipya kwenye andalio, wekeni alama ya mkazo na mlitamke kwa sauti usiku uliotangulia.

Wengi mtatakiwa kutoa somo la majaribio la dakika 20. Fundisheni jambo dogo moja, na mwongee kwa uchache: dakika 3 za mfano, 5 za zoezi la pamoja, zilizobaki wanafunzi waongee wawiliwawili huku mkizunguka na kuandika makosa. Wanaoanguka mara nyingi huwa wametumia dakika 15 kueleza kanuni.

Hewa ya hita ni kavu, na koo la mwalimu hulipia. Maji yawe mezani. Sauti ikianza kukwaruza msinong'one, kunong'ona kwa nguvu hulichosha koo; andikeni maelekezo ubaoni, mgawe kazi za vikundi, na siku hiyo mwanafunzi mwenye sauti kubwa ndiye asome kifungu.