Kwa yule dada wa saiba pale Kondele

Nilikuwa nimekwama na Kijerumani, ada ya darasa ilinishinda nikabaki na fotokopi zimechakaa, hizo der, die, das zinazokaa mbele ya majina zinanichanganya tu. Wewe ulikuwa kompyuta ya kando, ukaniuliza kama najua Deutsche Welle, ile redio na TV ya Ujerumani, wanafunza bure mtandaoni kutoka A1 ya wanaoanza mpaka B1 ya kati, mi nikadhani ni matangazo ya biashara. Ukanifungulia somo la kwanza, ukadanlodi sauti ukaniwekea kwa memori kadi juu uliona sina bando, alafu ukanionyesha kukata vikaratasi: mbele neno na der yake, nyuma Kiswahili. Mia yangu ukakataa. Wenye mko na memori kadi zimejaa masomo, si mgawie jirani pia. Mimi siku hizi nasoma kwa matatu, makanga anadhani naongea peke yangu.