Sarafu ya Epidauros

Athens, Ugiriki

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila baridi tu. Hela ya ada ya watoto nimeshaituma. Mwambie shemeji aangalie simu yake.

Ile fimbo yenye nyoka iliyochorwa ubavuni mwa gari la wagonjwa la hospitali yenu, leo nimemwona mwenye fimbo hiyo. Nilikwenda makumbusho ya sarafu hapa mjini, nikakuta sarafu ya fedha ya Epidauros, mji wa kale wa Ugiriki, iliyopigwa miaka 350 hivi kabla ya Nabii Issa. Upana wake ni kama ukucha wa dole gumba tu. Upande mmoja ni kichwa cha mungu wao Apollo, amevikwa taji la majani. Upande wa pili ameketi mwanawe Asklepios, aliyeabudiwa na Wagiriki wa kale kuwa mungu wa tiba: mkono mmoja umeshika fimbo, wa pili uko juu ya kichwa cha nyoka, na mbwa amelala chini ya kiti.

Sanamu yake kubwa ya pembe za ndovu na dhahabu, iliyokuwa hekaluni mwake Epidauros, kazi ya Thrasymedes wa Paros, haipo tena. Msafiri Pausanias aliiona katika karne ya 2 baada ya Kristo, akaandika: kiti, fimbo, nyoka, mbwa. Dhahabu yote imepotea, dada, na kisarafu kilichozunguka sokoni ndicho kilichotuhifadhia sura ile!

Hapo hekaluni wagonjwa walikuwa wakitoa sadaka, kisha wanalala katika ukumbi maalumu, wakingoja mungu awajie ndotoni. Habari za waliopona zilichongwa kwenye mawe. Mwanamke mmoja wa Athens, kipofu wa jicho moja, aliyacheka masimulizi hayo. Akaambiwa ndotoni kwamba ataponywa, ila atoe nguruwe wa fedha hekaluni, ukumbusho wa ujinga wake. Lakini mimi nimempenda Euphanes, mtoto mwenye ugonjwa wa vijiwe mwilini. Mungu alimuuliza: nikikuponya utanipa nini? Akajibu: vifupa kumi vya kuchezea. Mungu akacheka, akakubali. Asubuhi mtoto akatoka mzima.

Najua utasema mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake, nami nasema hivyo hivyo. Ila wewe unayeshinda wodi ya watoto utaelewa kwa nini nimekuandikia: yule mtoto hakuwa na fedha, na hakufukuzwa mlangoni.

Nisalimie Mama. Dawa za presha asizikatishe.

Mdogo wako