Si kila kinachovuma X hupita Ikulu

Mhariri,

Siku hizi mwanasiasa akikawia kidogo kutoa uamuzi, vituo vya televisheni hukimbilia mtandao wa X (zamani Twitter). Mchambuzi huitwa studioni, akasoma machapisho matano yaliyovuma, kisha akatangaza: rais atarudi nyuma. Ramli ile ile, ila mganga kavaa suti.

Wanaotetea mtindo huu hutaja Mswada wa Fedha wa Kenya wa 2024, uliopendekeza kodi mpya. Ni kweli mtandao uliwaka, na Juni 26 Rais William Ruto akaukataa. Lakini Juni 26, 2023 huyo huyo alitia saini mswada uliolaaniwa mtandaoni vilevile, wenye ushuru wa nyumba na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwa mafuta. Mwaka 2024 vijana walitoka kwenye simu. Wabunge 195 dhidi ya 106 walipoupitisha Juni 25, waandamanaji waliingia bungeni na watu wakauawa kwa risasi. Hata usiku huo rais alizungumza kwa ukali, akitaja uhaini. Aliyekesha akisoma X asingejua ya kesho yake.

Tena wengi walipiga kelele "asitie saini tu!" bila kufungua Katiba. Kifungu cha 115 kinampa rais siku 14 atie saini au aurudishe mswada bungeni. Akinyamaza muda ukaisha, unakuwa sheria. Ndiyo maana aliurudisha akipendekeza vifungu vyote vifutwe.

Halafu likaja la mawaziri. Julai 11 aliwatimua karibu wote na mtandao ukashangilia kwamba tutaona sura mpya. Julai 19 akateua 11 wa kwanza, sita kati yao wakiwa wale wale! Siku chache baadaye akaongeza Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi kutoka ODM, chama cha upinzani cha Raila Odinga. Aliyemwona Raila kando ya Rais pale KICC, ukumbi wa mikutano wa Nairobi, Julai 9 alikuwa na dokezo bora kuliko maelfu ya machapisho.

X inaonyesha hasira, sikatai, na hasira ni habari. Lakini wanaoandika huko wanasema wanachotaka. Rais anahesabu kura za Bunge, madeni na washirika wake.

Ombi langu ni dogo. Mkituletea tena ubashiri wa aina hii, andikeni chini yake mchambuzi huyo alibashiri nini mara iliyopita, na kilichotokea.

Msomaji wenu,
Mombasa