Nani kamvamia nani?

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma toka enzi za marehemu baba na sijawahi kukuandikia hata mstari, ila ile habari yenu ya wananchi "kuvamia" kitalu cha uwindaji, yaani kipande cha pori kilichotengwa kwa kuwinda, imenichefua. Kuvamia! Mwandishi wenu aliuliza kijiji kilianza lini na kitalu kikaja lini? Au kazi aliimalizia kwenye simu akiwa Posta, mjini Dar?

Mi naishi Mbagala ila kwetu Rufiji. Mwaka jana mwezi wa tisa nilienda kumjulia hali mama mdogo, asubuhi nikabeba ndoano nikaelekea bwawani kwa njia ileile ya utotoni, kile kijia cha kupita mmoja mmoja. Nafika kwenye mkwaju nakuta gogo limelazwa juu ya mapipa mawili na kijana ana redio ya upepo, ananiambia mzee rudi, humu ni kitalu, kuna mgeni anatafuta nyati. Nikamuuliza we si mtoto wa fulani? Akaangalia chini, kumbe ndo mwenyewe, na mama yake kuni anaokota hukohuko. Nikataka kuona kibali, akanitolea karatasi ya nailoni, Kiingereza kitupu, na kiramani kama stempu ambacho kijiji chetu hakimo kabisa, shule haimo, zahanati haimo, makaburi ya babu zangu hayamo, kuna herufi na namba tu! Na miezi minne nyuma tembo walitoka humohumo wakala ekari mbili za mpunga wa mama mdogo usiku mmoja, hawakuulizwa kibali na mtu, sisi tunapiga madebe tu mpaka alfajiri, na kifuta jasho cha mazao yaliyoliwa mpaka leo tunakisikia redioni. Tembo akija kwetu ni wa serikali tumvumilie, mi nikienda kwake na ndoano moja ndo mvamizi.

Na msiseme hatujui sheria. Sheria za ardhi za 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini tu, na ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji. Wanyama nao, ile sheria ya 2009 inasema ni mali ya umma. Sasa huo umma ni akina nani, maana naona ni mwenye dola peke yake. Sisemi wageni wasije, waje.

Halafu msidhani ni huko porini tu. Jumapili nimepeleka wajukuu ufukweni upande wa Kunduchi, ukuta wa hoteli umeshuka mpaka maji yakijaa yanaugonga, mlinzi anauliza mmekuja kula au mmelala hapa? Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, mi nilihesabu hatua 11. Tukanunua soda nne ndo tukaruhusiwa kukanyaga mchanga.

Ushauri wangu: kila kitalu kinachogusa kijiji, ramani yake ichorwe ukutani kwenye ofisi ya kijiji, kubwa, kwa Kiswahili. Kijani kitalu, bluu maji, nyekundu njia za watu. Fundi akikosekana mje huku kwetu Mbagala Rangi Tatu, wamejaa, na rangi zenyewe ni hizohizo tatu.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam