Kwa kaka yangu, kuhusu vijiti na vitabu

Shikamoo kaka.

Naandika hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unanyamaza. Wifi ameniambia kwamba unausoma. Basi na wengine wasome.

Kwanza nikupe haki yako. Kusoma nimefundishwa na wewe. Hakuna mwalimu aliyenifanyia ulichonifanyia na kile kitabu kisicho na jalada: ukurasa mmoja wewe, mmoja mimi, nikikosea unacheka, halafu tunarudia pamoja. Hukuwahi kuniahidi kitu nikimaliza. Ndiyo maana sielewi yule mtu wa siku ile alitoka wapi.

Siku ile unaijua. Kupokezana vijiti, mita 100 mara nne, binti yako mkimbiaji wa tatu, pale kwenye kona. Walikuwa wameshapangwa kwenye njia zao. Ukaingia uwanjani na daftari lake la kusoma, lile la shule la kuandika kurasa za kila siku, ukalifungua mbele ya wenzake ukaanza kuhesabu kwa sauti siku ambazo hazikujazwa. Kisha ukambandua namba kifuani. Wale wasichana watatu wakabaki wanatazamana, maana watatu hawakimbii mbio za wanne. Uliadhibu timu nzima. Na hakulia, kaka. Angelia labda ningesahau. Aliichukua ile namba mkononi mwako, akaikunja vizuri, akaitia ndani ya daftari, akakurudishia.

Ulisema, "Shule imeleta mpango huu ili asome." Umesema nusu. Shule imeleta dakika za kusoma na dakika za kukimbia, zote kila siku, na hakuna mahali ile karatasi yao inasema moja ni malipo ya nyingine. Mipango hii haikuanza jana wala juzi. Japani mwaka 1988 ilianza desturi ambayo baadaye shule nyingi ziliifuata, ya kuanza siku kwa dakika 10 za kusoma kimya: wanafunzi wote wanasoma, mwalimu naye anasoma, kila mtu na kitabu anachokipenda, na hakuna ripoti ya kuandika baadaye. Uskoti mwaka 2012 shule moja ya msingi ilianza kuwatoa watoto nje dakika 15 kwa siku wakimbie au watembee, na nguo zilezile za darasani, bila mshindi. Nchi nyingine zikaiga. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Halijasema akishamaliza kurasa.

Utanijibu kwa lile jopo la wataalamu wa kusoma la Marekani la mwaka 2000, najua unavyolipenda, lililosema ushahidi hautoshi kwamba kumwachia mtoto asome kimya peke yake kunamwongezea ufasaha. Sawa. Soma na upande wa pili. Walichoona kinasaidia ni kusoma kwa sauti na kurudia, huku kuna mtu pembeni anayeongoza. Yaani wewe na mimi na kile kitabu! Yeye umekaa naye lini? Wewe unakagua saini tu.

Kuna na lile jaribio la mwaka 1973, hukohuko Marekani. Watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye, walipoachwa wacheze watakavyo, wakawa wanachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Sasa wewe umekigeuza kitabu kuwa nauli ya kwenda uwanjani. Akishafika, atakishikia nini?

Ushauri wangu, kama mdogo wako anaruhusiwa kushauri: mwache achague kitabu mwenyewe, hata kile cha wachezaji mpira unachokiita upuuzi. Kaa naye robo saa. Usitie saini ukurasa ambao hukumsikia akiusoma. Na mazoezi yasiguswe, hata alama zikishuka.

Nakusikia unasema sina mtoto, nitajuaje. Sina. Lakini ni mimi ninayempeleka mazoezini Jumanne na Alhamisi, ndiyo, bila ruhusa yako, kwani ningeomba ungenipa? Na njiani ananisomea kwa sauti. Hilo ulikuwa unalijua? Anaikimbilia nukta kama wewe, sentensi haijaisha yeye ameshavuta pumzi. Kwa hiyo usiwaambie watu nimemharibu. Sikukunyang'anya mtoto, nimemfanyia ulichonifanyia mimi. Na ile baiskeli usiiingize humu, yale yalikuwa ya Baba, na wewe ndiye uliyeipanda mwisho.

(Wasomaji mtanisamehe, ya baiskeli ni marefu.)

Timu inachaguliwa upya mwezi ujao. Fomu ya ruhusa inataka saini ya mzazi. Nilijaribu ya shangazi, mwalimu akanirudishia huku anacheka. Nimemwachia wifi, ameiweka juu ya kabati la viatu. Sehemu ya kundi la damu nimeiacha wazi, hilo silijui, jaza wewe. Inatakiwa shuleni Ijumaa kabla ya saa nne asubuhi.