Barua kutoka Vršovice: msimu ambao Slavia hawakufungwa kwenye ligi

Praha, 16 Juni 2021

Ndugu yangu,

Salaam nyingi, na za masiku. Barua yako ya Aprili ilifika salama. Ukurasa mzima wa kwanza umeandika kitu kimoja tu, 4–0, yale manne Arsenal wako waliyoifunga Slavia yangu hapa Praha, tena kwa kalamu nyekundu. Najua ulidhani nimekimbia. Sikukimbia, nilinyamaza, maana mtu aliyepigwa nne nyumbani kwake hana haraka ya kushika kalamu.

Sasa ligi ya huku imekwisha na ninaweza kuinua kichwa. Slavia wamecheza mechi 34, wameshinda 26, wametoka sare 8. Kufungwa, hakuna. Pointi 86, na Sparta waliowafuata wana 74. Halafu nikakumbuka wewe na ule wimbo wako wa kila siku, Arsenal ya 2003–04 isiyofungwa, nikaenda kuhesabu. Washika Bunduki wako mwaka ule walishinda mechi ngapi? 26. Sare 12. Haya, niambie nani alishinda mingapi na nani alibahatika mingapi.

Najua utakalosema, kwamba Ligi ya England si ya Ucheki. Nakubali, sibishani. Ila usidhani hata huku ni jambo la kila mwaka. Tangu Wacheki waachane na Waslovakia mwaka 1993, walioweza kabla ya Slavia ni Sparta peke yao, msimu wa 2009–10, nao walishinda 16 na kutoa sare 14. Mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa Slavia tangu utotoni, ukimtajia hiyo rekodi anasonya. Anasema sare kumi na nne si kutofungwa, ni kukataa kucheza.

Uliniuliza ilikuwaje kuishi jirani na uwanja msimu mzima bila kuingia hata mara moja. Ilikuwa hivi. Chumba changu kiko Vršovice, karibu kabisa na Eden, uwanja wa Slavia, mahali ambapo kituo cha tramu chenyewe kinaitwa Slavia. Miaka ya nyuma siku ya mechi ungesikia nyimbo tu, moshi mwekundu unapanda, polisi wamejipanga. Msimu huu, kwa sehemu kubwa, majukwaa yalikuwa matupu kwa ajili ya korona. Kwa hiyo nikifungua dirisha, upepo ukiwa upande wetu, nilikuwa nasikia mpira wenyewe. Ule mlio wa kiatu na ngozi. Kipa anaita mabeki wake. Na kuna sauti moja iliyokauka kwa kupiga kelele, ambayo mimi niliamua ni ya kocha Jindřich Trpišovský, yule asiyevua kapelo. Bao likiingia unasikia watu kumi na mmoja wanapiga kelele, basi, kisha kimya. Nilikuwa naangalia simu kuhakikisha kama ni letu. Baa nazo zilikuwa zimefungwa, zinauza bia kupitia dirishani, kwa hiyo mashabiki walisimama barabarani na vikombe vya plastiki, barakoa ikiwa kidevuni, wanasikiliza kama mimi.

Huo wenyewe ulikuwa msimu wa ajabu. Timu 18 badala ya 16, kwa sababu msimu uliotangulia korona iliukatiza njiani, haikushuka timu hata moja, na mbili zikapanda. Mojawapo, Pardubice, haikuwa na uwanja unaofaa kwao, ikawa inachezea mechi za nyumbani huku Praha, kwenye uwanja wa Bohemians uitwao Ďolíček. Ni mtaani kwetu hapa hapa, naweza kwenda kwa miguu. Bohemians ndio wale wenye kangaruu kwenye nembo. Mwaka 1927 walikwenda Australia kucheza, wakapewa zawadi ya kangaruu wawili hai, wakarudi nao na kuwakabidhi bustani ya wanyama. Ndiyo timu ya Antonín Panenka pia, yule wa penalti ya kudokoa ya 1976 ambayo wewe uliijaribu kwenye fainali ya shule ukaupeleka mpira mikononi mwa kipa. Sijasahau.

Oktoba ligi ilisimama, serikali ilifunga michezo yote kwa wiki kadhaa. Mwezi huo huo polisi wakamkamata makamu mwenyekiti wa shirikisho lao, Roman Berbr, kwa tuhuma za kuchezea waamuzi na matokeo. Wacheki niliozungumza nao hawakushtuka kama nilivyoshtuka mimi. Walinitazama tu, kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini mvua inanyesha.

Uwanjani Slavia walikuwa hawakamatiki. Tomáš Souček alikuwa ameshauzwa West Ham, Oktoba akamfuata beki wa kulia Vladimír Coufal, nami nikasema haya, tumekwisha. Wapi! Timu hii haikutegemea mtu mmoja. Ukiwapokonya mpira, wanakufuata wawili watatu kama watu wanaokudai, kila mmoja na mtu wake, mpaka dakika ya tisini. Timu nyingi za ligi hii huanza kuchoka dakika ya sitini, na hapo ndipo Slavia wanapoanza kucheza. Ubingwa waliumaliza raundi kadhaa kabla ya mwisho, wa tatu mfululizo, kisha wakaifunga Viktoria Plzeň 2–1 kwenye fainali ya kombe. Kilichobaki kikawa kiatu cha mfungaji bora tu. Jan Kuchta wetu alikuwa mbele, lakini siku ya mwisho yule kijana wa Sparta, Adam Hložek, miaka 18, akawatupia Brno manne peke yake, wakalingana 15 kwa 15. Brno wakashuka daraja pamoja na Příbram na Opava. Sikuwaonea huruma, nilikuwa na hasira na manne.

Sasa nije kwenye lile la matusi ya rangi uliloniuliza mwishoni mwa barua yako, kwa mistari miwili tu, kama mtu anayeogopa kuuliza.

Machi 18, Ligi ya Europa, Ibrox, uwanja wa Rangers kule Glasgow. Tulikuwa tumewatoa Leicester, tumewafunga 2–0 kwao, Msenegali wetu Abdallah Sima akiwa mmoja wa wafungaji. Tulitoka sare 1–1 na Rangers hapa, tukaenda kwao. Peter Olayinka, Mnigeria, akafunga kwa kichwa mapema. Nilikuwa nimesimama juu ya kitanda. Stanciu wetu akafunga la pili kwa frikiki. Rangers wamebaki tisa, mechi imekwisha, nimeshavaa skafu ndani ya nyumba. Ndipo Ondřej Kúdela, beki wetu, akamwendea Glen Kamara, kiungo wa Rangers, akaziba mdomo kwa mkono na kumnong'oneza sikioni. Umeiona picha, dunia nzima imeiona. Kamara alisema ametukanwa kwa rangi yake. Kúdela alikana, akasema alimtukana lakini si kwa rangi. UEFA wakamfungia mechi 10, hata Euro hii inayoendelea hayupo.

Usiku ule ule nilikuwa na zamu ghalani. Mwenzangu mmoja akaniambia, "Ni maneno ya uwanjani tu. Ninyi mnapenda kununa." Miaka mitatu tumefunga maboksi pamoja, tumegawana mkate, na ndiyo mara ya kwanza kusikia mimi ni "ninyi". Sikumjibu. Nilimaliza zamu, nikarudi, nikaitundika skafu nyuma ya mlango.

Haikutoka pale mpaka tulipokutana na Arsenal wako Aprili. Kule London, Holeš wetu aliposawazisha dakika za majeruhi, nilipiga kelele moja tu kisha nikakaa. Wiki iliyofuata hapa Eden, kabla ya filimbi, Slavia walijipanga mstari wamesimama, wameshikana mabega, na Lacazette wenu akapiga goti mbele yao, ile ishara ya kupinga ubaguzi, macho makavu, hapepesi. Ukweli wa Mungu, sikujua niko upande gani wa picha ile. Halafu mkatupiga matatu kati ya dakika ya 18 na ya 24, na nilipofunga dirisha nilihisi kama mtu aliyepumua. Hilo sijamwambia mtu hapa. Nakuambia wewe, na ukilitumia kunitania nitajua umekosa adabu.

Lakini Jumapili ile ya baadaye dirisha nililifungua tena. Sima alikuwa anacheza, Olayinka alikuwa anacheza. Timu ya Kúdela ni timu yao pia, tena wao ndio walioivusha. Mzee wangu wa mtaani, Mei zilipofunguliwa bustani za baa, aliniita mezani kwake, akaniagizia bia bila kuniuliza, tukakaa muda mrefu. Mwisho akasema, "Yule angekaa na ulimi wake." Basi, hakuongeza. Sijui alimaanisha nini hasa, na Kicheki changu hakikutosha kumchimba. Niliinywa bia.

Juzi Patrik Schick kawafunga Waskoti kutoka karibu na katikati ya uwanja, tena huko huko Glasgow. Bila shaka umeliona. Mtaa mzima ulishangilia kwa sauti moja, na safari hii ilikuwa ni watu, si wachezaji.

Jezi ya mwanao nimeinunua, ileile uliyoagiza, na nyuma nimeandikisha Olayinka. Itakuja na jamaa anayesafiri mwezi ujao. Mwambie mama yake asiifue kwa maji ya moto, maandishi yatabanduka. Jambo moja sikukuambia mapema kwa makusudi: jezi ya Slavia ni nusu nyekundu, nusu nyeupe. Ni rangi za Simba, na wewe mtu wa Yanga, mtu wa Jangwani, utajua mwenyewe utawaeleza nini pale kijiweni. Ile ya kijani na nyeupe ni ya wale wenye kangaruu, na hukuniuliza.

Nisalimie mama, na shangazi, na wote wa barazani.

Ni mimi, mshika kibendera wako wa zamani