Kompyuta Uliyoiunda Mwenyewe Haioni Wi-Fi: Jinsi ya Kuipata Draiva Sahihi na Kuisakinisha

Jumamosi moja kijana aliingia dukani kwetu Kariakoo akiwa amekumbatia kasha la kompyuta aliyoiunda mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa akiba ya miezi mingi. Tulipoiwasha mezani feni zilizunguka, Windows 11 ikafunguka bila kusita, na kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa kwenye kona ya chini upande wa kulia, ambako mahali pa mistari ya Wi-Fi palikuwa na mchoro wa dunia wenye alama ya kukataza. Alikuwa na flashi yenye draiva nne (draiva ni programu ndogo inayoielekeza Windows jinsi ya kutumia kifaa) alizozipakua kwa jirani, na zote nne zilikuwa zimekataa. Mashine yake haikuwa na ubovu wowote. Alikuwa ametafuta draiva ya Wi-Fi ya Windows 11, na utafutaji wa namna hiyo hauna mwisho, kwa sababu draiva huandikwa kwa ajili ya chipu fulani, na chipu hiyo haijulikani kwa kutaja jina la Windows.

Wateja wengi hutuuliza kwa nini kompyuta mpakato hushika Wi-Fi siku ileile inapotolewa kwenye boksi. Kiwanda kinachoiuza huwa kimekwisha kuweka draiva zake zote, ilhali anayeunda kompyuta yake huanza na Windows kama ilivyotoka Microsoft, ambayo ndani yake zimo draiva za vifaa vilivyokuwa vikijulikana wakati toleo hilo lilipoandaliwa. Chipu iliyokuja baadaye haimo. Mara nyingi draiva yake ipo kwenye Windows Update, lakini huko hufiki bila mtandao, ukawa sawa na mtu aliyefungia ufunguo ndani ya nyumba. Hata waya wa mtandao hauokoi kila mara, maana ubao mama mpya, yaani bodi kuu inayounganisha vipande vyote, wenye tundu la gigabiti 2.5 unaweza kukosa draiva ya tundu hilo pia ukiwekewa toleo la zamani la Windows 10.

Kabla ya kupakua chochote, tunakusihi uthibitishe kwamba tatizo lako ni draiva kweli. Bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua Device Manager, kisha utazame sehemu iliyoandikwa «Other devices». Ukikuta humo «Network Controller» yenye alama ya mshangao ya manjano, na ukiifungua ukasoma «Code 28», hiyo ni habari njema: kompyuta imeiona kadi, ila haina maelekezo ya kuitumia. Lakini kama hakuna kifaa chochote kisichojulikana, na kwenye «Network adapters» hakuna jina lolote la Wi-Fi, hakuna draiva duniani itakayokusaidia, kwa kuwa kompyuta haijui kabisa kwamba kadi ipo. Hapo angalia kama Wi-Fi imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama, inayofunguliwa kabla ya Windows), kama kadi imekaa sawasawa kwenye tundu lake, na zaidi ya yote kama ubao mama wako una Wi-Fi. Kampuni nyingi huuza mbao mbili zinazofanana kwa kila kitu, tofauti ikiwa ni neno WIFI mwishoni mwa jina, na wanunuzi wengi huligundua jambo hilo baada ya kurudi nyumbani.

Kuna kosa moja linalotuuma kila tunapoliona, kwa sababu mteja huwa amekwisha kulipa. Kadi za Intel AX210 na AX211 zinafanana kwa umbo, zinaingia kwenye tundu lilelile la M.2, na majina yao yamepishana kwa tarakimu moja tu. AX210 ni kadi kamili inayojitegemea, nayo hufanya kazi kwenye ubao wa Intel na wa AMD. AX211 ni nusu ya kadi: sehemu nyingine ya kazi yake hufanywa na chipu za Intel zilizo kwenye ubao mama, kwa mfumo unaoitwa CNVi. Ukiichomeka kwenye ubao wa AMD itakaa vizuri na skrubu itafungwa, lakini haitaonekana kamwe. Hali ni hiyohiyo kwa AX200 na AX201. Tafadhali soma tarakimu ya mwisho kabla ya kutoa fedha.

Kama kadi imeonekana na alama ya manjano ipo, iulize yenyewe jina lake. Bofya «Network Controller» mara mbili, nenda kwenye «Details», na katika orodha ya kushuka uchague «Hardware Ids». Utaona mistari inayoanza na PCI, ikifuatwa na VEN na herufi nne, kisha DEV na herufi nne nyingine. VEN ni mtengenezaji wa chipu: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 14C3 ni MediaTek. DEV ni chipu yenyewe. Kwenye mashine ya yule kijana mstari ulisomeka PCI\VEN_14C3&DEV_0616, yaani chipu ya MediaTek MT7922, ambayo kwenye mbao za AMD huitwa pia RZ616. Draiva tatu kati ya nne alizokuwa nazo zilikuwa za Intel, kwa sababu alisoma mahali fulani kwamba ubao wake unatumia Intel. Huenda alichosoma kilikuwa kweli kwa toleo jingine la ubao uleule, kwa maana watengenezaji hubadilisha kadi ya Wi-Fi bila kubadilisha jina la ubao, na mara nyingi dalili huwa ni neno REV na namba yake, yaani toleo la ubao, vilivyochapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa ubao.

Ukishalijua jina, mahali pa kwanza pa kwenda ni ukurasa wa msaada wa aliyetengeneza ubao mama wako, uwe ASUS, MSI, Gigabyte au ASRock. Tafuta modeli yako kamili pamoja na REV, chagua Windows yako, kisha ufungue sehemu ya Wireless au WLAN. Kwa chipu za Intel unaweza pia kwenda moja kwa moja kwenye tovuti ya Intel. Tunakuomba uziepuke programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mara moja. Tumesafisha kompyuta nyingi zilizoingiliwa na matangazo na programu zisizoombwa kupitia mlango huo.

Sasa, namna ya kuingiza draiva kwenye kompyuta isiyo na mtandao. Flashi inatosha, lakini njia tunayoipenda ni simu ya Android na waya wake wa USB. Chomeka simu, kisha kwenye mipangilio ya simu uwashe «USB tethering», na baada ya sekunde chache Windows itaiona kama waya wa mtandao, kwa sababu draiva ya kazi hiyo imo tayari ndani yake. Hakikisha waya unapitisha data, kwani upo wa kuchajia tu. Kama simu imeshika Wi-Fi ya nyumbani, kompyuta itatumia Wi-Fi hiyohiyo kupitia simu, na bando lako halitaguswa. Kama unatumia bando, washa kwanza «Metered connection» kwenye mipangilio ya Ethernet, la sivyo Windows itaanza kushusha masasisho yake makubwa na bando la wiki litakwisha kabla hujaipata draiva uliyoifuata.

Faili likiwa la kusakinisha, lifungue na ufuate maelekezo. Likiwa la zip, yaani lililobanwa, toa kwanza yaliyomo uyaweke kwenye folda, rudi kwenye «Network Controller», chagua «Update driver», kisha «Browse my computer for drivers», na uielekeze kwenye folda yenye faili la inf, lile lenye maelekezo ya kuisakinisha draiva. Wengi hukwama hapa kwa sababu huielekeza Windows kwenye zip ambayo haijafunguliwa. Na kama umekwama mapema zaidi, pale Windows 11 inapodai mtandao kabla ya kumaliza kujisakinisha, simu kwa waya hufanya kazi hapo pia. Unaweza vilevile kubonyeza Shift na F10 kwa pamoja, ukaandika devmgmt.msc kwenye dirisha jeusi litakalotokea, na Device Manager itafunguka papo hapo.

Bluetooth ina draiva yake, hata kama ipo kwenye kadi ileile, kwa sababu upande wa Wi-Fi hupita njia ya PCIe na upande wa Bluetooth hupita njia ya USB. Ukitumia kadi ya kuchomeka kwenye tundu la PCIe, kuna waya mwembamba unaopaswa kuunganishwa na pini za USB za ubao mama. Bila waya huo Wi-Fi itakuja na Bluetooth haitakuja. Antena nazo zifungwe. Tumepokea kompyuta zilizodhaniwa kuwa na draiva mbovu, kumbe antena mbili zilikuwa zimebaki ndani ya boksi la ubao mama, zikiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki.

Ukitaka tukusaidie, si lazima ubebe kasha zima hadi dukani. Piga picha ya ukurasa wa «Hardware Ids» na nyingine ya ubao mama inayoonyesha modeli na REV, utuletee pamoja na flashi. Kusoma namba hizo hatutozi, na draiva tutakuwekea hapohapo ukisubiri. Kama Device Manager haionyeshi kadi kabisa, basi ije mashine yenyewe, na antena zake zije nayo.